Chaki Nyeupe, Ukuta Mweupe

Mimi nimeuza kila kitu cha kuandikia na kila kitu cha kuandikwa. Nimeuza rangi ya ubao, chaki, kalamu za wino, madaftari, karatasi za kudurufia, kompyuta, na hizi projekta zinazomulika maandishi ukutani. Shuka stendi ya Morogoro uulize duka la Mnyamwezi wa vifaa vya shule, hata muuza maji atakuonyesha. Nimeishia darasa la saba na sioni haya kulisema, maana wenye digrii ndio wanaopanga foleni mbele ya kaunta yangu kila mwezi wa kwanza. Kwa hiyo nikizungumza habari za kufundisha kwa chaki na kufundisha kwa mashine, sizungumzi ya kuhadithiwa. Vyote viwili nimeviuza, na vyote viwili nimeviona mikononi mwa mtu mmoja. Mtu huyo nampenda, na mtu huyo amenitia hasira ambayo mpaka leo haijapoa.

Namwita Mwalimu, basi. Jina analo, lakini sikuwahi kulitumia, na yeye hakuwahi kutumia langu. Baba yangu alikuja huku kutoka Tabora kukata mkonge, na Mnyamwezi na Mluguru kama Mwalimu ni watani tangu enzi za mababu. Kwa hiyo mimi kwake nilikuwa mtani siku za kawaida, mbeba mizigo siku akiwa na furaha, na mlanguzi siku akiwa amekasirika. Salamu yetu haikubadilika.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mbeba mizigo. Leo umebeba nini?"

Nami namjibu kwamba nimebeba alichodondosha yeye, maana Waluguru wa milimani wakidondosha kiazi mlangoni wanakwenda kukiokota kwa jirani bondeni. Akicheka, alikuwa anacheka kwa mabega, mdomo umefungwa, kama mtu anayezuia chafya.

Tulijuana kwa ubao. Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa, kila mtu akawa anatembeza kitu. Mimi nilikuwa natembeza mitumba barabarani pale Dumila, mabasi ya Dodoma yakisimama nayakimbilia na mashati begani. Nikaona shule hazina rangi. Watoto walikuwa wanatwanga mkaa wa betri zilizokufa, wanauchanganya na maji ya majani mabichi yaliyopondwa, wanasiliba ubao kwa viganja. Ukikauka unatoka mabaka kama ng'ombe. Nikasema hapa pana riziki. Nikajifunza kuchanganya rangi mwenyewe, hakuna aliyenifundisha, nikaanza kupita shule hadi shule na ndoo yangu na brashi.

Katika sekondari aliyokuwa anafundisha Mwalimu ndipo nilipokutana na mteja wa kwanza kunirudishia kazi. Nilikuwa nimempakia ubao mweusi tii, unang'aa mpaka unajiona meno. Mwalimu akaingia, akalowesha kiganja, akakibandika kwenye ubao, akakitoa. Halafu akaenda kukaa kwenye dawati la upande wa dirisha.

"Njoo ukae hapa, kijana."

Nikakaa.

"Unaona nini?"

"Naona dirisha, Mwalimu. Kwenye ubao."

"Nami nataka waone mto. Umenipakia kioo. Urudie, na safari hii utie ule mkaa wa watoto ndani ya rangi yako hii, ufifie."

Nilirudia. Nilikasirika, lakini nilirudia, na kuanzia hapo rangi yangu ya ubao ikawa na mkaa ndani yake na shule zote za huku zikaitaka. Hapo ndipo utajiri wangu ulipoanzia, nalisema wazi. Lakini tusisahau aliyechanganya ni nani.

Kila nilipokwenda kupaka nilikuwa nakaa dawati la nyuma nikingoja kipindi chake kiishe. Wapakaji wengine walikuwa wanakwenda kukaa kivulini. Mimi nilikaa, kwa sababu mtu yule alipochora mto huwezi kutoka.

Hakuanza na kichwa cha habari. Alikuwa anaweka chaki juu kabisa kushoto, anapandisha mlima, anashusha, bila kuinua mkono. "Huu ni Uluguru. Nani ametoka huko juu? Simama. Mvua ikinyesha kwenu inakwenda wapi?"

"Inateremka, Mwalimu."

"Inateremka na nini?"

"Na udongo."

"Udongo wa nani?"

"Wa shangazi."

Darasa linaangua kicheko. Yeye hacheki, anakata bonde jembamba lenye kuta mbili zilizobanana, maji yanapita chini yakikimbia. "Hapa mto ni kijana, hauna adabu, unachimba." Chaki inashuka, bonde linapanuka, mto unaanza kujikunja. "Hapa umeoa, umetulia, unazunguka mawe badala ya kuyavunja." Kisha tambarare, mto unalala, unapiga mikunjo kama nyoka aliyeshiba. "Hapa ni mzee. Hana nguvu za kubeba, anaweka chini alichobeba. Na alibeba nini?"

"Shamba la shangazi!"

"Basi watu wa Dar es Salaam wanakunywa shamba la shangazi yako, na shangazi hajalipwa nauli."

Maji yalipita mlimani, yakaingia bwawani, bwawa likazungusha mashine, nguzo za umeme zikasimama, na mwisho kabisa, kona ya kulia chini, kulikuwa na bahari. Bahari ilikuwa mistari mitatu tu ya mawimbi. Akishamaliza, alikuwa anapangusa ubao wote kutoka juu kwenda chini kwa kitambaa kibichi, hata kama kipindi kinachofuata ni chake mwenyewe. "Ubao ni wa anayekuja," alikuwa anasema. Mimi roho ilikuwa inaniuma. Mtu anamchora ng'ombe mzima, halafu anamchinja kwa kitambaa, kila siku ya Mungu.

Yote hayo aliyaeleza kwa Kiswahili, na hapo alikuwa anavunja sheria. Sekondari masomo ni Kiingereza, na mlangoni kulitundikwa kibao cha kukataza lugha nyingine. Mwalimu alikuwa na koti moja la kahawia, la mtumba, nililomuuzia mimi, mkono wa kulia umekuwa mweupe kwa chaki mpaka kwenye kiwiko. Akiingia darasani analivua analitundika juu ya kile kibao. Kibao kimefunikwa, sheria haionekani, Kiswahili kinaanza, na pale penye ugumu zaidi Kiluguru nacho kinachungulia. Wakaguzi wakija analivaa. Wanafunzi walikuwa wanajua kabisa: Mwalimu akiwa na koti, leo hatutaelewa kitu.

Msije mkadhani namchora malaika. Alikuwa mbishi wa kupindukia. Alifundisha matuta ya kukinga maji mpaka watoto wakayaota, lakini shamba lake la Mlali, nililiona kwa macho yangu, matuta yalikuwa yanateremka na mlima moja kwa moja. Nikamwambia, "Mwalimu, mbona haya yako yanakwenda na maji?" Akanijibu bila kupepesa, "Hayo ni ya mfano wa kosa." Aliwatukana walimu wenzake waliokuwa wanafundisha tuisheni, akawaita wachuuzi, na jioni baraza lake limejaa watoto wa mitihani. Mshahara haukumtosha, ulikuwa hauwatoshi wote; wengine walikuwa wanauza barafu za rangi, wengine wanafuga kuku. Yeye alikuwa anawalipisha wale watoto kuni na maji, halafu anasema hiyo si tuisheni, hiyo ni jamaa kusaidiana. Umweleze nini mtu kama huyo?

Alikuwa na msemo, "Ramani ni uongo wenye kipimo." Mwingine, akimkuta mwanafunzi amekariri, "Usinisomee, nichoree." Huo wa pili uwekeni akilini.

Na alikuwa anakohoa. Chaki ilikuwa inakaa kifuani mwake kama ilivyokaa kwenye koti.

Sasa kulikuwa na binti mmoja darasani, mwenye ualbino. Macho yake hayakuona mbali, kama ilivyo kwa wengi wenzake. Alikuwa anakaa mbele kabisa, akinyoosha shingo, na hata hapo alikuwa anasema, kwa sauti ya kuomba radhi, "Mwalimu, sioni." Mwalimu anafuta, anaandika kubwa zaidi. "Mwalimu, sioni." Anafuta tena. Nimeuona ubao mzima ukibeba maneno matatu. Wengine walikuwa wanaguna kwamba somo haliendi, na yeye akigeuka akawatupia jicho moja tu, wananyamaza. Lakini Mwalimu akitoka nje ya darasa nilikuwa namwona anasimama peke yake anaitazama mikono yake.

Ndipo nikaleta projekta. Niliinunua Kariakoo, ya mtumba lakini nzima, pamoja na kompyuta yake, nikaikabidhi shule mbele ya wazazi. Mkuu wa shule, mama mmoja mwenye maneno machache, tuliyemwita Madamu, akakata utepe. Wakanitia kwenye bodi ya shule siku ileile, mimi wa darasa la saba, naketi meza moja na mhadhiri wa chuo. Na sikuileta kwa sifa tu, mseme mtakavyo. Binti yangu Zawadi alikuwa anasoma pale. Tangu mdogo alikuwa anachora mipaka ya viwanja kwa kijiti. Alitaka kuwa mpima ardhi, na mpima ardhi lazima afaulu Jiografia. Katika ukoo wangu hakuna aliyewahi kuvuka darasa la saba. Nilitaka apate kilicho bora. Na nilimwambia Mwalimu, "Michoro yako yote itie humu, ibaki. Leo ukifa tunakuzika nayo."

Siku ya kwanza wakaziba madirisha kwa vitambaa vyeusi, tukamulika. Mwalimu akamwita yule binti, akampeleka dawati la nyuma kabisa, nilipokuwa nakaa mimi.

"Soma."

Binti akasoma mstari wote. Kisha akasema, "Mwalimu, naona mpaka nukta."

Mwalimu alitoa leso akapangusa uso, akasema ni vumbi la chaki. Siku ile hapakuwa na chaki. Na kwa hiyo nasema, na nitasema popote, mashine ile ilikuwa na faida yake. Asiyekubali hajawahi kukaa nyuma na macho mabovu. Kifua chake nacho kilipumua. Maandishi yalikuwa safi, hayafutiki, aliyekosa leo anaonyeshwa kesho. Mimi si mjinga wa kuitukana bidhaa yangu mwenyewe.

Lakini Mwalimu alipagawa.

Michoro yake hakuitia hata mmoja. Alijifunza kompyuta kwa miezi michache, kichwa alikuwa nacho, akaanza kutengeneza slaidi. Herufi zikawa zinaingia moja moja kutoka kushoto zinazunguka kama pia. Mstari ukifika unapiga mlio wa breki za gari. Sura ya somo ikiisha kompyuta inapiga makofi. Mtu mzima, mwenye mvi, anasimama gizani anafurahi makofi ya kompyuta! Na milima aliyoweka ilikuwa ya Ulaya, yenye theluji.

Nikamuuliza, "Uluguru uko wapi?"

"Uluguru haujapigwa picha nzuri, mtani. Hizi ni kali zaidi."

"Si uko hapo dirishani?"

"Ukifungua pazia picha inafifia."

Nikatoka nje. Mlima ulikuwa pale pale, ukungu umekaa kileleni, maji yanaonekana yanavyoteremka kwenye mawe. Na ndani, nyuma ya kitambaa cheusi, watoto wa Uluguru wanaonyeshwa theluji.

Halafu akawa anasoma. Slaidi ni Kiingereza, yeye analipa darasa mgongo anasoma Kiingereza, neno kwa neno. Koti halikuwa tena juu ya kile kibao. Lilikuwa mwilini, safi, mkono wa kulia kahawia kama wa kushoto. Joto la madirisha yaliyozibwa, giza, mashine inavuma. Watoto walikuwa wanalala kama wako kwenye basi la usiku.

Zawadi akaniambia nyumbani, "Baba, Mwalimu siku hizi picha yake inakuja imeshaisha."

"Imeshaishaje?"

"Inakuja yote kwa pamoja. Naiona, naielewa, akiiondoa sijui nianzie wapi."

Nilimfikishia Mwalimu maneno hayo. Akaniambia kwamba Zawadi ni mvivu kama babake. Nikamkumbusha, "Wewe ndiye ulikuwa unasema usinisomee, nichoree." Akasema, "Mlanguzi, uza vitu vyako, elimu niachie."

Sasa njooni kwenye ukuta. Kwanza tulikuwa tunatundika shuka jeupe mbele ya ubao. Upepo wa mlimani ukipenya, shuka linacheza, na milima ya Ulaya inacheza ngoma. Mwalimu akaniita.

"Mtani, lete rangi. Ubao huu upake mweupe."

"Mweupe?"

"Mweupe. Uwe wa kumulikia."

"Mwalimu, nitakutengenezea fremu, shuka likazwe."

"Nimesema upake."

"Na umeme ukikatika?"

"Umeme ukikatika, utarudi."

Ubao wa shule zetu si mbao, ni plasta ya saruji ukutani, ukishapaka umepaka. Nilikwenda kwa Madamu nikitumaini atakataa. Akasema Mwalimu ndiye mtaalamu. Basi nikaupaka. Ubao ule nilioupaka mweusi miaka yote ile, wenye mkaa ndani yake, niliufunika kwa mkono wangu, naye amesimama nyuma yangu ananionyesha mahali paliposalia weusi.

Haukupita muda mrefu mvua zikakosekana. Mabwawa yakashuka, mgao wa umeme ukaingia, mchana mji mzima umezima. Mtu aliyewafundisha watoto kwa chaki kwamba bwawa likikauka taa zinazimika, sasa alikuwa amesimama na chaki nyeupe mbele ya ukuta mweupe.

Ingekuwa kichekesho kama mtoto wangu hakuwa ndani. Nilileta jenereta, ilinguruma kuliko sauti yake, na baada ya siku chache ikahamia ofisini. Nikamwendea na ndoo ya rangi nyeusi, bure, namwambia niurudishe ubao leo leo, kesho unakauka. Zawadi alikuwa kidato cha nne, mtihani unakuja.

"Hapana," akasema.

"Kwa nini?"

"Ukipaka nyeusi, yule binti atarudi kuniambia haoni."

"Na sasa anaona nini gizani?"

"Umeme ukirudi ataona."

Hilo likawa wimbo wa shule. Mchoro wa mto? Umeme ukirudi. Ramani? Umeme ukirudi. Madamu akaweka amri ukuta usiguswe wala usichafuliwe, ubaki msafi kwa ajili ya umeme ukirudi. Mwalimu akachapisha slaidi zake kwenye karatasi, akawa anawasomea waandike. Imla! Mtu yule! Ukuta umekaa mbele yao mweupe pe, kama bahasha isiyo na barua.

Umeme ukarudi kwa kubahatisha, taa ya projekta ikaungua, nikaitafuta Dar nzima nikaikosa. Mtihani ukafika. Wakaambiwa wachore safari ya mto toka mlimani hadi baharini. Zawadi aliacha ukurasa mtupu. Aliniambia alikuwa anaiona ile picha kichwani yote, ile yenye theluji, lakini kila akiweka kalamu hakujua mto unaanzia wapi. Jiografia akaanguka, chuo cha upimaji kikamkataa. Leo anasimamia duka langu kuu, na analisimamia vizuri kuliko mwanamume yeyote niliyewahi kumwajiri. Lakini wapima ardhi wakija kununua karatasi za ramani na kamba za kupimia, namwona anavyowachelewesha kwa maswali, na mimi najifanya nahesabu maboksi.

Yule binti mwingine alifaulu. Alieleza mto kwa maneno, kwa zile slaidi alizoziona mpaka nukta kabla taa haijaungua. Ni mwanasheria Dodoma, na kila sikukuu anampigia Mwalimu simu. Kwa hiyo mkiniuliza mashine ilikuwa nzuri au mbaya, niwajibu nini? Mmoja ilimtoa, mmoja ikamzamisha, na wote wawili walikuwa darasa moja.

Miaka imepita. Mwalimu amestaafu, anakaa Mlali, kwenye shamba lake lile la mfano wa kosa. Mwaka jana nikasikia macho yake yameingia ukungu. Nikachukua kipande cha plaiwudi, nikakipaka kwa mkono wangu, rangi ya zamani, na mkaa wa betri niliutwanga mwenyewe wakati nina wafanyakazi wa kutosha wa kuutwanga. Nikaweka na chaki. Nia yangu ilikuwa moja: achore ule mto mara moja tu, niupige picha kwa simu, nimpelekee Zawadi.

Nilimkuta ukumbini, ukuta wa nyuma yake umepakwa chokaa mpya, mkewe yuko jikoni.

"Shikamoo Mwalimu."

Akageuza uso upande usio wangu. "Marahaba, mbeba mizigo. Leo umebeba nini?"

"Ubao."

Akanyoosha mkono. Akalamba kiganja, akakibandika, akakitoa, akapapasa. "Haung'ai," akasema. Ndiyo shukrani niliyoipata kwake maisha yetu yote.

Nikamweleza nilichotaka. Akainua mikono yote miwili mbele ya uso wake, akaishusha. "Sioni ncha ya chaki, mtani. Ona tabu ilivyo."

Hasira yangu yote ya miaka ikafumuka. "Nilikwambia uitie kwenye kompyuta ibaki! Ukaweka theluji! Mwanangu aliacha ukurasa mtupu!"

"Mashine aliileta nani?"

"Nilileta mashine. Sikukuletea Kiingereza cha kusoma, wala sikukuambia uzibe mlima!"

Mkewe akachungulia, akarudi jikoni.

"Chora wewe," akasema.

"Mimi?"

"Ulikaa dawati la nyuma miaka yote ile. Ulikuwa unalala?"

Nikashika chaki. Nilidhani nitaaibika. Lakini mkono ulikwenda wenyewe juu kabisa kushoto, nikapandisha mlima, nikashusha, nikajisikia nasema, "Mvua ikinyesha inakwenda wapi?"

"Inateremka," akajibu yeye. "Lakini sioni."

Nikafuta, nikachora kubwa.

"Sioni."

Nikafuta tena. Mlima ukamaliza kipande chote cha ubao, mto hauna pa kupita. "Sioni, mtani. Weupe wa chaki yako na ukungu wa macho yangu ni kitu kimoja."

Nikatupa chaki. Nikaingia jikoni kwa mama, nikaokota mkaa mkubwa kando ya jiko, nikarudi, nikaanza kwenye ukuta wake mweupe, kutoka dirishani. Mlima mweusi, mnene kama mkono. Bonde jembamba, kuta zimebanana. Mto kijana, mto uliooa, mto mzee. Sikuruka kitu, maana sikuwahi kukariri picha, niliona inavyozaliwa. Nikaweka bwawa, nikaweka nguzo, nikafika mlango wa chumbani, ndipo nikapiga mistari mitatu ya mawimbi.

Mwalimu alikuwa amesimama. Alikuwa anaufuata ukuta kwa uso, uso karibu ugonge, kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, kama anayesoma barua ya mtu wake.

"Naona," akasema. "Naona mpaka bahari." Kisha, "Umechorea nini?"

"Mkaa."

"Mkaa gani?"

"Wa jikoni."

Akarudi nyuma mpaka kiti kikamgusa miguu, akakaa. Alitazama ule ukuta muda mrefu. "Mkaa," akasema tena, polepole. "Na shule nzima tulikuwa tunaulinda ukuta usichafuke."

Tulikaa vile, mimi vidole vyeusi, yeye macho meupe, yeye anahesabu wanafunzi wake, mimi namfikiria wangu mmoja.

"Basi futa," akasema mwishowe. "Ubao ni wa anayekuja."

"Sifuti. Anayekuja ni Zawadi. Namleta Jumapili auone."

Mkewe akatoka jikoni anafuta mikono kwa khanga, akasimama mlangoni. Akautazama ukuta wake wa chokaa mpya kutoka mlimani mpaka baharini. "Yesu wangu," akasema. "Haya, ukuta wangu nani ataupaka?"

"Mimi, mama. Ndiyo kazi yangu."

"Lini?"

Nikafungua mdomo nimtajie siku. Mwalimu akaniwahi, mabega yameshaanza kutikisika.

"Umeme ukirudi," akasema.